Wubalem na Maiti wa Sinema

Hapa kwetu Kebero Meda, nyumba iliyokuwa na kicheko kuliko zote ilikuwa nyumba ya msiba. Zewdu alikuwa mpiga tarumbeta wa chama chetu cha kufa na kuzikana, na mkewe Wubalem alikuwa mtunga vilio. Mtu akifa, Zewdu aliamka kabla ya majogoo, akapanda kilima cha kanisa na kuutangazia ulimwengu. Watu wakishakusanyika hemani, Wubalem alisimama katikati akamwimbia marehemu beti zake, mpaka hata wale waliokuja kwa kuogopa faini ya chama walilia kwa kwikwi. Mume anawaita watu, mke anawaliza. Kisha wanarudi nyumbani pamoja, wanachemsha kahawa na kucheka mpaka mimi nagonga ukuta.

Mimi naitwa Fantaye. Nauza tela, pombe yetu ya shayiri, na ukuta wangu na wao ni mmoja. Ninayoyasema nimeyasikia kwa masikio yangu haya, sikuambiwa sokoni.

Zewdu alikuwa mfupi, na tarumbeta lake la shaba lilimkaribia urefu. Akina mama hawakupenda kukutana naye asubuhi kabla hawajanywa kahawa. Walisema ni mkosi. Yeye akilijua hilo alikuwa anawangojea makusudi kwenye kona ya kisima. "Bado upo?" anamwuliza mtu badala ya kumwamkia. "Basi vizuri, leo napumzika." Mtu anamtukana, yeye anacheka, anaenda zake.

Wubalem naye alikuwa na utaratibu wake wa kazi. Hakuimba mpaka amehoji. Alfajiri ile ile aliingia nyumba ya wafiwa, akaketi chini, na maswali yakaanza: marehemu alipenda kula nini, aligombana na nani, ng'ombe wake wa kulimia alimwita nani, alikuwa anasema nini akikasirika? Alisema kilio kisicho na mambo ya mtu mwenyewe ni mchuzi usio na chumvi. Wafiwa wengine walijaribu kumficha mawili matatu. Kazi bure. Ukimficha anamwuliza jirani, na jirani wa watu wengi mji huu ni mimi.

Alipomwimbia msaga nafaka wa hapa, alitaja namna alivyokuwa akionja unga wa wateja kwa kiganja kizima. Watoto wa marehemu walilia na kucheka chini ya mashuka yao, na mjane akasema, "Ndiye, ndiye huyo huyo!" Mtu aliyezikwa na Wubalem alizikwa akiwa mzima, kama mnanielewa.

Halafu Zewdu mwenyewe akafa. Alikuwa anabeba shayiri kutoka uwanja wa kupuria, akakaa chini apumzike, hakuinuka. Alikufa kama alivyoishi, kwa kuwashtukiza watu. Tarumbeta lilichukuliwa na Kasaye, kijana mwenye mashavu makubwa na pumzi kidogo, na siku hiyo lilitoa sauti ya punda mwenye mafua. Tukaja wote. Hema likajaa. Wubalem akasimama katikati, akafungua mdomo, akauziba kwa ncha ya shuka lake, akaketi.

Tukangoja, kasisi akangoja, mwisho tukamchukua Zewdu tukamzika hivyo hivyo. Kwetu kumzika mtu bila ubeti ni kumsafirisha bila chakula cha njiani. Na huyu hakuwa mtu wa kupita, alikuwa mume wa mtunga vilio!

Tangu hapo Wubalem hakumwimbia mtu tena. Alikuja misibani, akaketi nyuma karibu na mlango wa hema, akala nifro yake, zile nafaka za kuchemsha tunazokula msibani, akarudi kwake. Kazi yake ikajaribiwa na mwalimu mmoja aliyesoma kwenye karatasi kwamba marehemu alikuwa mtu wa watu. Kila marehemu alikuwa mtu wa watu. Hata mlevi mmoja mgomvi, ambaye hakupatana hata na mbwa wake, naye alikuwa mtu wa watu. Tulikuwa tunazikwa kama kuku.

Mjini walisema mengi. Wengine walisema huzuni imemkata ulimi. Wengine, Mungu awasamehe, walisema anajua mwenyewe mumewe alikufaje. Mimi nilimwuliza waziwazi, tukiwa kwenye kikombe cha pili cha kahawa.

"Wubalem, mwenzangu, una nini? Beti zimekwisha?"

"Zimekwisha wapi! Zimenijaa mpaka hapa." Alijigusa koo. "Fantaye, nikifungua mdomo nitacheka."

"Utacheka?"

"Kila nikitaka kumlilia, yananijia mambo yake. Siku ile hemani, haki ya Mungu nilitaka kulia. Ikanijia siku alipotumbukia kwenye pipa lako la tela."

Mimi mwenyewe nililikumbuka pipa lile. Alitumbukia kichwa kwanza, akatoka na povu kwenye masharubu, akasema imekosa kuiva. Nikacheka. Naye akacheka, kisha akaweka kikombe chini.

"Unaona? Mke acheke mbele ya jeneza la mumewe? Wangesema nimemuua mimi. Lakini nisipomwimbia, na nikafa kabla sijamwimbia, nitamwambia nini huko? Ataniambia, wewe mwanamke, umewaliza walevi na wezi, mimi ukaninyima."

Nikammiminia kikombe cha tatu, cha baraka, na baraka hazikushuka siku hiyo.

Sasa mwaka huo, wakati wa mvua, yakaja magari kutoka Addis. Akashuka msichana mwenye suruali na viatu vya matope, jina lake Meklit, na kundi la watu wenye kamera na nyaya. Walikodi vyumba vyangu vyote. Meklit akanieleza kwamba wanatengeneza filamu ya mzimu. Mwanamke amefiwa katika mji wa mbali, hawezi kumwachia mumewe aende, basi mume anarudi kila jioni kutoka ukunguni, anasimama mlangoni, haingii.

"Haingii kwa nini?" nikauliza. "Hajakaribishwa?"

"Ni filamu ya huzuni, Etiye Fantaye," akasema, akiniita Etiye kwa heshima ya mama mtu mzima. "Ya kutisha kidogo. Ya kimya."

"Kimya? Hapa? Utakipata wapi?"

Alikuja kwa ajili ya ukungu wetu. Ukungu wa Kebero Meda hukaa juu yetu miezi mizima kama mama mkwe, hauondoki hata ukiuonyesha mlango. Uliposikia unahitajika, ukaondoka. Jua likawaka siku baada ya siku, hatujapata kuliona jua kama lile wakati wa mvua. Watu wa sinema wakachoma majani mabichi ya mkaratusi ili wapate moshi, na mji mzima ukakohoa. Mbuzi wangu mmoja mpaka leo anakohoa kila akiona kamera ya simu.

Meklit alikuwa amesikia habari za Wubalem, nami sitasema alizisikia kwa nani. Akaja kumwomba aimbe katika tukio la mazishi. Wubalem alimkaribisha, akamkalisha, akaanza kama alivyokuwa akianza zamani.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Etiye. Ni filamu. Maiti ni huyu hapa, Surafel."

Surafel alikuwa mwigizaji mnene wa miraba minne, amesimama mlangoni anakula mkate. Wubalem akamtazama kuanzia viatu mpaka nywele.

"Huyu? Huyu ana afya kuliko sisi wote. Haya. Mama yake marehemu ni nani?"

"Haikuandikwa."

"Alipenda kula nini?"

"Hiyo pia... haimo."

"Ng'ombe wake?"

Meklit akamtazama Surafel, Surafel akautazama mkate.

"Mwanangu," Wubalem akasema, "umeniletea maiti hana mama, hana ng'ombe, hajagombana hata na jirani. Huyu hajafa, hata kuishi hajaishi. Nimlilie nini?"

"Basi hata sauti tu, Etiye. Bila maneno."

Nilidhani atakataa. Akakubali. Walipoondoka akaniambia kwa sauti ya chini, "Maiti wa uongo, kilio cha uongo. Nikimcheka huyo wa mkate, hakuna atakayekasirika. Labda mdomo utazoea." Nikaona jinsi alivyolikunja shuka lake jeupe na kulifungua tena. Alikuwa na tumaini, na mimi niliogopa kwa ajili yake.

Siku ya mazishi ya sinema tulifungua milango, ukungu umerudi. Mzito, mweupe, huoni mkono wako. Meklit alikuwa anarukaruka uani kwangu kama mtoto wa Pasaka. Hema la chama likasimamishwa uwanjani chini ya kanisa, sisi watu wa mjini tukavaa mashuka yetu kwa namna ya msiba, Surafel akalala juu ya kitanda cha maiti akafunikwa, na Kasaye akaambiwa apige tarumbeta pale pale kando ya hema, mara moja, taratibu.

Kasaye! Huyu kijana tangu alishike tarumbeta hakuna aliyemsifu. Sasa watu wa Addis wanalitaka tarumbeta lake, na kamera juu. Atapiga taratibu? Akaona kando ya hema hapamtoshi. Tulipogeuka hayupo, ameshapanda kilima cha kanisa, mahali pale pale alipokuwa akisimama Zewdu, panaposikika mpaka matuta ya ng'ambo, vile vilima wanakolima wenzetu. Na siku hiyo, sijui ni ukungu uliomlainisha koo, tarumbeta lilitoka safi. Lilitoka refu, la chini, la kukutoa machozi. Wubalem aliinua kichwa ghafla. Wengine tukajipiga ishara ya msalaba.

Watu wa mjini tulijua ni sinema. Watu wa matutani nani aliwaambia?

Kwetu tarumbeta likilia, mtu huacha jembe mtaroni. Haulizi ni nani. Jina atalikuta hemani. Basi wakashuka. Tulisikia kwanza vilio, mbali, kutoka pande zote. Kisha ukungu ukaanza kutoa watu. Mmoja, wawili, safu nzima, mashuka meupe mpaka puani, hawana miguu kwa ukungu ulivyotanda chini, wanakuja taratibu wanalia.

"Msizime kamera," Meklit akanong'ona. Macho yamemtoka. "Jamani msizime! Nani kawapanga hivi?"

Filamu ilipotoka, tulisikia kwamba huko Addis watu walishikana mikono gizani walipofika hapo. Sisi tulioona kwa macho tunajua mzimu wa mbele alikuwa mama yake Girma kutoka tuta la juu, na chini ya shuka alikuwa amebeba kikapu cha nifro.

Hakusimama huyo mama. Akapita katikati ya kamera, akamfikia maiti, akajitupa juu yake kwa kifua. "Ole wangu, ndugu yangu! Ole wangu!" Hajui ni ndugu gani, lakini alilia vizuri sana. Wenzake wakajitupa juu yake. Chini kabisa, Surafel akapiga chafya.

Kitambaa kikasogea. Surafel akafumbua jicho moja.

"Maiti kapiga chafya!" Mama yake Girma aliruka nyuma, na mtu wa umri ule hakupaswa kuruka hivyo. "Yesu Kristo, kapiga chafya na ananitazama!"

Wengine wakakimbia, wengine wakapiga magoti, na kasisi aliyekuwa ameahidi kutulia mbele ya kamera akachomoa msalaba wake. Ilituchukua muda kuwaeleza. Meklit alikuwa analia kwa aibu, anaomba radhi kwa kila mmoja. "Ni filamu tu, wazee wangu, nisameheni. Rudini tu nyumbani, hakuna aliyekufa."

Hapo ndipo alipoharibu kabisa.

"Turudi?" Gashe Shiferaw, mzee wa chama chetu anayeitwa Gashe kwa heshima, alisogea mbele na fimbo yake. Ni mtu asiyecheka, hata arusini hukaa kama shahidi wa kesi. "Binti, tarumbeta halipigwi bure. Likishalia, lazima pawe na marehemu."

"Lakini hayupo, Gashe."

"Basi mtafute."

"Mimi nimeshalia nusu," mama yake Girma akadakia. "Nusu nyingine nimpe nani? Nirudi nayo nyumbani ikawaangukie wanangu?"

"Tumlilie huyu huyu," mmoja akapendekeza. "Atakufa siku moja. Tutakuwa tumeshamaliza."

"Mimi hapana!" Surafel alikuwa ameshashuka kitandani na kuvaa viatu. "Mimi nina mama, jamani! Yuko hai, akisikia atakufa yeye!"

"Kumbe ana mama," Wubalem akasema taratibu, na watu wakacheka, kisha wakanyamaza, maana Gashe Shiferaw alikuwa amegeuka anamtazama.

"Yuko mmoja wetu," Gashe akasema, "aliyewaita watu kwa tarumbeta hili miaka yake yote. Alipoondoka yeye, hakuambiwa hata neno."

Watu wa matutani, wa mjini, wa Addis, wote wakamgeukia Wubalem. Akarudi nyuma mpaka akanigonga.

"Msinitazame hivyo."

"Wubalem," nikamwambia sikioni.

"Siwezi, Fantaye. Unajua kitakachotoka."

"Kitoke. Cheka, shoga yangu. Ukicheka nitacheka na wewe, watufukuze wote wawili."

Akalivuta shuka lake mabegani. Kisha hakuwa tena mbele yangu. Alikuwa ameshaingia katikati ya hema, kando ya kile kitanda kitupu. Akaweka mkono juu yake. Na ile sauti tuliyoikosa ikatoka, imekwaruza kidogo, lakini ni ile ile.

*Ulikoroma kwa nguvu, fisi wakakaa mbali;*
*leo nyumba iko kimya, usingizi wangu ghali.*

Watu walitazamana. Hakuna aliyejua aweke uso wake wapi. Gashe Shiferaw akaikodolea macho fimbo yake.

*Uliwaamsha wote kwa tarumbeta la shaba;*
*na kukuamsha wewe nilikwita mara saba.*

"Ndiye!" Mama yake Girma alipiga mapaja yake. "Ndiye Zewdu huyo! Alilala msibani kwa mjomba wangu, akaamshwa na marehemu!" Akaangua kicheko, na kicheko kikashika hema kama moto wa nyasi. Mimi nilicheka mpaka nikashika nguzo. Kila mtu alikuwa na Zewdu wake. Mmoja akapaza sauti, "Aliniuliza 'bado upo?' siku ya arusi yangu!" Mwingine akasema, "Mimi aliniuliza nikiwa kwenye kiti cha daktari wa meno!" Wubalem akawapokea mmoja mmoja, akawatilia maneno yao kwenye beti, na pipa langu nalo likaimbwa, na povu, na masharubu. Naye alikuwa anacheka waziwazi, kichwa nyuma, mbele ya watu wote wa matuta, na hakuna aliyemwona mkosaji. Nilimtazama Gashe Shiferaw. Mabega yake yalikuwa yanaruka.

Kijana wa kamera akamvuta Meklit mkono. "Dada, wanacheka. Tuzime? Hii si filamu ya huzuni?"

"Wacha," Meklit akasema. Uso wake wote ulikuwa maji. "Wacha, wacha."

Wubalem akainua mkono. Tukatulia. Akakigeukia kile kitanda.

*Leo nakwita ya nane, mume wangu huitiki;*
*kahawa yetu wawili, peke yangu hainyweki.*

Sauti ilimkatikia hapo. Akaanguka juu ya kitanda kitupu akalia, na sisi sote tukalia naye. Siwezi kuwaeleza kilio kile. Nimezika mama, nimezika mtoto, na sijapata kulia kwa raha kama siku ile. Mama yake Girma aliimaliza nusu yake na akaongeza nyingine. Kasaye alikuwa ameshuka kilimani, amelikumbatia tarumbeta, analia kama mtu aliyepigwa. Surafel alilia kwa nguvu kuliko wenyeji, na hata jina la Zewdu alikuwa amelisikia asubuhi hiyo tu.

Tulilia mpaka kilio kikaisha chenyewe, kama mvua inavyoisha. Watu wakapenga, wakafunguliana vikapu. Harufu ya nifro ya moto ikajaa hemani.

Wubalem akaketi. Akajifuta uso kwa shuka, akatutazama mmoja mmoja.

"Mume wangu amekufa," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetoa habari. Akavuta pumzi. "Zewdu wangu amekufa leo."

"Mungu akupe nguvu," tukaitikia sote pamoja, kama inavyopasa.

"Amina. Haya, Fantaye, nipe chakula. Nina njaa."

Nikachota nifro kwa vidole vyangu, nikamlisha. Alitafuna polepole, akameza, akafungua mdomo tena.